Kipimo cha kioo na alama: "mimi" wa mtu huanza lini, na kwa nini watoto 80 kati ya 82 wa Kenya "walifeli"?

#1 Ngarawa (mleta uzi)

Habari wakuu.

Ubishi wa "ego" na "kujitambua" hauishi humu, na mara nyingi unaishia patupu kwa sababu kila mtu ana maana yake mfukoni. Tuanze na neno lenyewe. Nesi akisema mgonjwa hajitambui, amepoteza fahamu. Mzazi akisema huyu kijana hajitambui, kijana yuko macho kabisa ila hajui nafasi yake. Na tukisema fulani anajiona, hakuna kioo hapo, tunasema ana maringo. Mambo matatu tofauti, yote yamebebwa na kale ka-"ji" kadogo ndani ya kitenzi. Watafiti nao wamechanganya hivyohivyo kwa zaidi ya miaka 50: wanapima kimoja, wanatangaza kingine.

Uzi huu ni wa kile chenye kipimo kinachojulikana zaidi, yaani alama na kioo: unampaka alama mahali asipopaona bila yeye kujua, unamweka mbele ya kioo, unaangalia kama mkono utaenda kwenye alama mwilini mwake.

Mwaka 1970 Mmarekani Gordon Gallup alichapisha ripoti fupi sana kwenye jarida la Science. Alichukua sokwe wanne wadogo waliozaliwa porini. Kila mmoja alikaa peke yake na kioo, saa 8 kwa siku, siku 10. Siku mbili za mwanzo kioo kilikuwa mbali kidogo, kisha kikasogezwa karibu na kizimba. Mwanzoni sokwe walimchukulia yule wa kiooni kama mgeni: kumtisha, kumpigia kelele, kurukaruka. Kuanzia kama siku ya tatu vurugu zikapungua, wakaanza kukitumia kioo kwa shughuli zao: kutoa mabaki ya chakula kwenye meno, kuchokoa pua, kukagua sehemu za mwili ambazo jicho halifiki.

Hadi hapo ni maelezo tu, mtu angeweza kusema "wewe ndiye unayeona hivyo". Gallup akawalaza kwa dawa ya usingizi, akapaka rangi nyekundu sehemu mbili: juu ya nyusi ya upande mmoja na juu ya sikio la upande wa pili. Rangi ilichaguliwa kwa sababu ikikauka haisikiki kwenye ngozi wala haitoi harufu. Walipozinduka akawatazama dakika 30 bila kioo, akihesabu wanavyogusa alama. Karibu hakuna. Kioo kikarudishwa kwa dakika 30 nyingine, na mikono ikaenda moja kwa moja kwenye alama usoni mwao wenyewe, mmoja akafikia hata kunusa vidole baada ya kugusa.

Sokwe wawili ambao hawakuwahi kuona kioo walipakwa vilevile, wakawekwa mbele ya kioo, hawakushughulika na alama. Kima wa Asia waliopewa muda mrefu zaidi wa kioo kuliko sokwe nao hawakugusa.

Angalieni mpangilio: usingizi (asijue amepakwa), dakika 30 za bila kioo (kuhakikisha ngozi haimwashi), na kundi la kulinganisha. Ukikosa kimojawapo huna jaribio, una video ya kuchekesha ya WhatsApp.

#2 BintiChake

Asante mleta uzi. Swali: mtoto wa binadamu huwezi kumlaza kwa dawa ili umpake rangi. Inafanywaje? Na je, ni umri gani hasa?

#3 Kipimajoto

Dada BintiChake, aliyeanzisha kwa watoto ni Beulah Amsterdam, 1972, watoto 88 wa miezi 3 hadi 24. Alipata hatua tatu. Kuanzia kama miezi 6 hadi mwaka, mtoto anamchekea yule wa kiooni, anamgusa, anamletea sauti kama mwenzake wa kucheza. Kuanzia kama miezi 14 anageuka: anaona haya, anakwepa, wengine wanalia. Kati ya miezi 20 na 24 wengi wanagusa alama. Tafiti zilizofuata Ulaya na Amerika Kaskazini zimeendelea kuangukia palepale, kati ya miezi 18 na 24, na chini ya miezi 15 hupati karibu yeyote.

Namna ya kufanya:

Kwanza mzoeshe mtoto chumba na watu. Kioo kiwe kimefunikwa, kikubwa cha kumwonyesha angalau kuanzia kifuani kwenda juu, kimesimama wima na hakitikisiki. Kioo kinachoyumba kinamfanya mtoto achezee kioo.

Pili, mzazi amfute mtoto pua kwa kitambaa kama kawaida. Kitambaa kina rangi ya midomo kwenye kona moja. Anafuta, anapaka, anaendelea na mazungumzo. Alama iwe ubavuni mwa pua, isiwe nchani. Fumba jicho moja utaona: ncha ya pua yako unaiona bila kioo. Mtoto naye anaiona. Makosa ya namna hii ndiyo yanayotoa majibu mazuri ya uongo.

Tatu, subiri dakika chache anacheza kioo kikiwa bado kimefunikwa. Akigusa pua sasa, rangi inamsumbua, mwondoe kwenye hesabu. Rangi yenye mafuta mengi au manukato haifai, ipoe na ikauke kwanza.

Nne, funua kioo. Mwache dakika moja na nusu hadi mbili bila kumsemesha. Hesabu mkono unaokwenda kwenye alama au karibu kabisa nayo. Kugusa kioo haihesabiki. Kusema jina lake huandikwa pembeni.

Tano, ambalo wengi wanaliruka: mzazi. Mama akimtazama mtoto pua na kutabasamu, mtoto anapeleka mkono puani kwa kumfuata mama. Mzazi akae nyuma, atazame chini au asome kitu.

Na kabla ya yote, jua kama mtoto huyo anajali uchafu usoni. Asendorpf na wenzake, 1996, walimpa mtoto mwanasesere mwenye doa, wakamfundisha kulifuta, kisha ndipo wakapima. Mtoto ambaye doa halimsumbui hata kwa mwanasesere hawezi kukuambia lolote kwa kutogusa lake.

#4 MpigaZumari

Mkuu Kipimajoto umefafanua vizuri, ila kipimo hiki si kinapima tu kama mtoto ameukariri uso wake? Anajua uso wake hauna doa, akiona doa anashangaa. Hilo ni kumbukumbu ya picha, haliitaji "mimi" wowote.

#5 Ngarawa

Hoja nzuri, na ina jaribio lake. Nielsen, Suddendorf na Slaughter, 2006, waliachana na uso wakahamia miguuni. Mtoto anakaa kwenye kiti kirefu chenye meza, miguu haionekani ila kupitia kioo kilicho mbele. Wanambandika stika mguuni kwa siri. Watoto wanaofaulu kwa uso wanafaulu na kwa miguu kwa umri uleule.

Utamu uko kwenye suruali. Kundi jingine liliketishwa kwenye kiti ambacho tayari kina suruali pana ndani yake, hivyo mtoto anateleza miguu ndani bila kuiona. Sasa kioo kinamwonyesha miguu yenye suruali asiyoijua pamoja na stika. Wanafeli. Kundi la tatu liliruhusiwa kuiangalia suruali kwa sekunde 30 tu kabla, wakafaulu tena.

Kwa hiyo mtoto ana ramani ya "ninavyoonekana sasa hivi" inayosasishwa kwa nusu dakika, na hata kwa miguu ambayo hajawahi kuikariri kwenye kioo. Kukariri uso hakutoshi kueleza hilo. Lakini nakubaliana na wewe nusu: kinachopimwa ni kuunganisha picha na mwili. Maringo, aibu na "mimi ni nani" ni habari nyingine.

#6 JiweLaKiambo

Tuje kwenye kichwa cha uzi, maana naona mnazunguka.

Mwaka 2011 Tanya Broesch, Philippe Rochat, Joseph Henrich na wenzao walichapisha matokeo ya nchi kadhaa. Kenya walipima watoto 82 wa vijijini, miezi 18 hadi 72. Rudia: hadi miaka SITA. Waliogusa au kutoa kibandiko kilichowekwa kwenye paji la uso ni wawili. Marekani na Kanada wengi walifaulu. Fiji, Peru, Grenada na Saint Lucia matokeo yalitawanyika.

Mtoto wa miaka mitano kijijini Kenya anachunga, anatumwa dukani na anarudi na chenji kamili, anabeba mdogo wake mgongoni, anajua shangazi yupi wa upande gani. Ukisema huyo hana kujitambua, kipimo chako ndicho kina tatizo.

Kilichoandikwa kwenye ripoti ni kwamba watoto waliganda. Walisimama mbele ya kioo, wakakitazama, mkono hauendi popote. Mtoto asiyejua yule ni nani hufanya mambo: hucheka naye, huchungulia nyuma ya kioo. Hawa hawakufanya hayo. Watafiti wenyewe walikataa kusema watoto hawajitambui.

#7 MpigaZumari

Si itakuwa hawana vioo nyumbani tu? Mtu asiyezoea kioo ataganda.

#8 JiweLaKiambo

Hilo lilishajibiwa miaka 25 kabla. Priel na de Schonen, 1986, walipima watoto wa Kibedui wa jangwa la Negev ambao makazi yao hayakuwa na vioo, wakawalinganisha na watoto waliozoea vioo. Kwenye kugusa alama hakukuwa na tofauti ya maana, umri ndio ulioamua. Mtoto wa binadamu anajifunza kioo kwa dakika, si kwa miezi.

Maelezo yanayoniingia mimi ni haya. Mtu mzima mgeni, pengine na daftari na kamera, amenibandika kitu usoni. Mkubwa amekiweka. Je, nina ruhusa ya kukitoa? Nchi ambako mtoto hulelewa kwa kuulizwa "unataka juisi gani, ya machungwa au ya nanasi?" tangu hajaweza kutembea, atakibandua na kukuuliza ni nini. Kwetu mtoto hasogezi kitu cha mgeni mpaka ameambiwa.

#9 Kipimajoto

JiweLaKiambo amegusa penyewe, na nguvu ya hoja yake inaonekana kwenye jaribio lililofuata. Rochat, Broesch na Jayne, 2012, walipima watoto 86 wa miezi 14 hadi 52 kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kawaida: mtoto peke yake ana alama. Njia ya pili: mtoto, mzazi na mtafiti, wote wana alama ileile usoni. Mtoto anafunuliwa kioo huku kila aliyemo chumbani amebandikwa.

Idadi ya wanaofaulu haikubadilika. Namna ya kugusa ndiyo iliyobadilika. Kwenye chumba cha wote-wana-alama watoto walisita, wakagusa kwa ncha ya kidole na kuiacha, na wengine wakaitoa kisha wakairudisha palepale. Tazama hapo jinsi mtoto wa miaka miwili anavyopiga hesabu mbili kwa pamoja: hii iko kwangu, na hapa watu wote wanayo.

Weka na kazi ya Heidi Keller na wenzake, 2004. Walilinganisha wakulima wa Nso wa Cameroon, familia za mjini Ugiriki, na Kosta Rika iliyokaa katikati. Mama wa Nso anambeba mtoto, ngozi kwa ngozi, anamrusharusha. Mama wa Kigiriki anakaa uso kwa uso na mtoto, macho kwa macho, na vitu vya kuchezea. Watoto walipofika miezi 18 hadi 20, wa Ugiriki waliongoza kwenye kioo. Wa Nso waliongoza kwenye kutii: kuagizwa kitu na kukifanya, kukatazwa na kujizuia. Na kujizuia ni kazi ya nafsi pia, tena ngumu. Bahati mbaya kioo ndicho kilichopata umaarufu, kwa sababu kinapigika picha nzuri.

#10 BintiChake

Hapo nimeelewa. Kwa hiyo kugusa alama ni ushahidi, lakini kutogusa si ushahidi wa kinyume?

#11 Kipimajoto

Hasa. Ni kama kupiga hodi. Ukiitikiwa, kuna mtu ndani. Usipoitikiwa, huenda yupo anaswali, au hataki wageni.

#12 Ngarawa

Kwa wanyama kasoro hiyo ndiyo iliyozaa mabishano mengi. Gorila kumkodolea mwenzake macho ni kumchokoza, basi unamweka mbele ya kioo umshangae kwamba anageuza uso? Mbwa anaishi kwa pua. Tembo ukimpa kioo kidogo anaona kipande cha mguu. Plotnik, de Waal na Reiss, 2006, pale bustani ya wanyama ya Bronx, New York, walitengeneza kioo kigumu cha kama mita 2.5 kwa 2.5 wakawapa tembo watatu wa Asia. Mmoja tu, Happy, aligusa alama nyeupe ya X kichwani mwake kwa mkonga. Upande wa pili wa kichwa aliwekewa alama isiyoonekana, ya kulinganisha, hakuishughulikia. Tembo huyohuyo baadaye alifunguliwa kesi ya kutaka aachiwe kama mtu aliyefungwa bila haki, na kipimo cha kioo kilikuwa sehemu ya hoja. Mahakama ya Rufaa ya New York ilikataa mwaka 2022, majaji 5 kwa 2.

Upande mwingine kuna njiwa. Epstein, Lanza na Skinner, 1981, waliwafundisha njiwa kudonoa vidoa vya buluu mwilini mwao, na kando yake wakawafundisha kutumia kioo kupata kitu kilichotokea nyuma yao. Kisha wakaweka doa mahali ambapo njiwa hawezi kuliona kwa sababu ya kola ya shingoni. Mbele ya kioo, njiwa akainama kulidonoa. Kila kipande cha tabia kimefundishwa kwa nafaka. Unaona tatizo? Tabia ileile inaweza kuzalishwa na mafunzo. Ndiyo maana watu wa fani huuliza kwanza: alifundishwa, au alianza mwenyewe?

#13 JiweLaKiambo

Na samaki usimsahau, ndiye aliyevuruga kikao. Masanori Kohda wa Osaka na wenzake, 2019, walimpima yule samaki mdogo mwenye mstari mweusi anayesafisha wenzake vimelea, kitaalamu Labroides dimidiatus. Yuko kwenye matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, anayezamia Mafia au Mnemba ameshamwona. Wakamchoma sindano ya rangi ya kahawia kuweka alama kooni, mahali ambapo haoni bila kioo. Watatu kati ya wanne walijitazama kisha wakaenda kusugua koo chini kwenye mchanga. Alama isiyo na rangi, hakusugua. Alama ya rangi bila kioo, hakusugua.

Siri ya ufaulu ni rangi: kahawia inafanana na kimelea, na samaki huyu kazi yake ni kuona vimelea. Hiyo ni ileile hoja ya mwanasesere wa Kipimajoto. Mpime kiumbe kwa doa analolijali.

Wapo waliosema kama samaki amefaulu basi kipimo kimekufa. Naona ni kutaka kubadilisha goli baada ya bao kuingia. Wengine, de Waal akiwemo, walipendekeza tuache kuona kujitambua kama taa ya kuwasha na kuzima, kwamba kuna viwango.

#14 MpigaZumari

Viwango gani? Maana "viwango" ni neno la kukimbilia mtu akibanwa.

#15 Kipimajoto

Haki yako kuuliza. Rochat aliviorodhesha mwaka 2003, sitavirudia vyote, nachukua vyenye jaribio.

Cha chini kabisa kipo siku ya kwanza. Gusa shavu la kichanga kwa kidole, atageuza kichwa na kufungua mdomo kutafuta titi. Rochat na Hespos, 1997, walilinganisha shavu likiguswa na kidole cha mtu na likiguswa na mkono wa mtoto mwenyewe, ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Kwa kidole cha mtu mwingine waligeuka karibu mara tatu zaidi. Sababu: ukijigusa unapata hisia mbili kwa wakati mmoja, mkono unahisi shavu na shavu linahisi mkono. Ukiguswa na mwingine unapata moja. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa "hiki ni mimi", na mtoto anayo kabla hajajua jina lake.

Msingi huo unaweza kuuvuruga hata kwa mtu mzima. Botvinick na Cohen, 1998: mtu anaweka mkono mezani nyuma ya kizuizi asiuone, mbele yake unalala mkono wa mpira. Unachukua brashi mbili, unapapasa mikono yote miwili kidole kwa kidole, mwendo mmoja, wakati mmoja. Baada ya dakika chache wengi wanaanza kuhisi mguso uko kwenye mpira, na ukiwaambia waonyeshe mkono wao ulipo wakiwa wamefumba macho wanaelekea upande wa mpira.

Panapoharibika: brashi zikipishana zaidi ya kama theluthi moja ya sekunde, hisia inakufa. Mkono wa mpira ukigeuzwa kukaa kinyume na mwili, inakufa. Ukiweka wa kushoto badala ya wa kulia, hivyohivyo. Ukiuweka mbali zaidi ya kama sentimita 30 na mkono halisi, inafifia. Na gongo la mti halifanyi kazi kama umbo la mkono. Kwa hiyo ubongo una masharti kabla ya kukubali kitu kuwa "changu".

Cha juu ya kioo ni muda. Povinelli na wenzake, 1996: mtoto anacheza, mtafiti anampiga kichwani kwa upole kumsifu huku akimbandika stika kubwa kwenye nywele. Dakika 3 baadaye wanaangalia pamoja mkanda wa video. Mtoto wa miaka 2 au 3 anajiona, anataja jina lake, anaiona stika, na hainyanyui mkono. Wengi wa miaka 4 wananyanyua. Kioo anakifaulu tangu zamani, lakini "yule wa dakika 3 zilizopita ndiye mimi wa sasa" bado haijakaa.

Hivyo ndivyo viwango, mkuu: kichanga, mwaka na nusu, miaka minne.

#16 BintiChake

Na kwa binadamu kama jamii? Ilianza lini?

#17 JiweLaKiambo

Hapo vioo vinaisha, tunabaki na udongo.

Ushahidi unaopendwa ni mapambo. Ushanga huuvai ili uuone wewe; kifuani mwako hauuoni vizuri. Unauvaa ukijua jicho la mwenzio litaanguka hapo. Pango la Bizmoune, Morocco, kuna makombe 33 yaliyotobolewa, ya kati ya miaka 142,000 na 150,000. Ya Blombos, Afrika Kusini, ni kama 75,000. Na kwetu Pwani lipo pango la Panga ya Saidi, Kilifi, kama kilomita 15 kutoka baharini, lenye ushanga wa kombe wa miaka takriban 65,000.

Pango hilohilo ndilo lenye "Mtoto". Jina alilopewa ni hilohilo la Kiswahili. Miaka 78,000, mtoto wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, kazikwa kwenye shimo dogo. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Namna mifupa ya mabega ilivyobanana inaonyesha alifungwa kwa kitu, majani au ngozi. Namna kichwa kilivyodondoka inaonyesha kilikuwa kimewekwa juu ya kitu kilichooza, kama mto. Mifupa ilikuwa laini kiasi kwamba bonge zima la udongo lilikatwa, likapigwa plasta, likapelekwa Makumbusho ya Taifa Nairobi na kisha Burgos, Hispania, likachimbuliwa maabara. Matokeo yalitoka kwenye Nature mwaka 2021.

Nyuma zaidi, Olorgesailie, kwenye Bonde la Ufa kusini mwa Nairobi, kuna mawe ya rangi yaliyosagwa na kutobolewa kwa zana, na mawe meusi ya volkeno yanayong'aa (obsidian) ya kutengenezea zana, yaliyoletwa kutoka makumi ya kilomita, yote ya miaka kama 300,000.

#18 MpigaZumari

Kaburi linathibitisha waliomzika walimjali. Halithibitishi walijifikiria wao wenyewe. Hata sokwe jike huzunguka na maiti ya mwanawe siku nyingi.

#19 JiweLaKiambo

Kweli, kaburi ni ushahidi wa "wewe" kuliko wa "mimi". Kwa "mimi" naegemea ushanga. Rangi ya Olorgesailie siiwekei dau, maana rangi ya udongo inafaa hata kuhifadhi ngozi au kuchanganya gundi. Ushanga hauna kazi nyingine.

#20 Ngarawa

Niongeze kidogo kuhusu neno "ego" kabla hatujasahau, maana ndilo linaloleta vurugu humu. Freud, 1923, hakuandika "ego". Aliandika "das Ich", Kijerumani cha kawaida kabisa, yaani "mimi". Waliofasiri kwa Kiingereza ndio waliochukua neno la Kilatini likapata heshima ya dawa ya duka la madawa. Sisi tukalipokea likiwa limeshavaa koti, na mtaani likageuka kuwa kiburi: "fulani ana ego". Kiburi kina neno lake, tena zuri, na ubinafsi una lake. "Mimi" wa Freud ni yule msimamizi anayepatanisha tamaa, dhamiri na hali halisi. Mtu asiye na huyo si mnyenyekevu, ni mgonjwa.

Na William James alishaligawa mwaka 1890: "mimi" anayetenda na "mimi" anayetazamwa. Kiswahili hatuhitaji falsafa kwa hilo, sarufi inafanya yenyewe. Ni-na-ji-ona: "ni" anaona, "ji" anaonwa. Kipimo cha kioo kinampima "ji".

#21 BintiChake

Swali la mwisho, la vitendo. Siku hizi watoto wana simu mkononi kuliko kioo. Naweza kutumia kamera ya mbele ya simu badala ya kioo?

#22 Kipimajoto

Usitumie, utapata majibu ya chini na utamwonea mtoto. Suddendorf, Simcock na Nielsen, 2007, walilinganisha kioo na video ya moja kwa moja. Watoto waliofaulu kioo kama miaka miwili, kwa video wengi walisubiri hadi kama miaka mitatu.

Kamera iko juu ya skrini, mtoto anatazama picha, kwa hiyo macho ya picha hayakutani na yake kama kioo kinavyofanya. Skrini ni ndogo na haina kina, na kwa watoto wengi skrini ya simu ni mahali pa katuni, pa watu wasiojibu. Simu nyingi zinageuza picha kama kioo wakati unatazama, kisha zinaigeuza tena zikihifadhi. Ukimwonyesha iliyohifadhiwa, alama imehama upande. Simu ya bei ndogo nayo inachelewesha picha kidogo, na umeona hapo juu brashi zinavyoharibu mkono wa mpira kwa theluthi ya sekunde.

Nunua kioo cha ukutani, kile cha upana wa kama sentimita 40 kwenda juu, kifunge imara kwenye ubao, kingo zizungushie utepe asijikate, kifunike khanga. Kama una simu, isimamishe pembeni irekodi mkono wa mtoto, kisha mpe mtu ambaye hajui alama iko upande gani ahesabu kutoka kwenye video.